Shahidi anayejiamini na mwanamke asiyelia: juri limwamini nani?

SWALI: Assalam aleikum, daktari. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Columbus, Ohio, na nilishapata uraia. Mwaka jana niliitwa kukaa kwenye juri, lile jopo la raia wa kawaida linaloamua kama mshtakiwa ana hatia. Kesi ilikuwa ya ubakaji. Mlalamikaji alisema mfanyakazi mwenzake alimpa lifti baada ya kazi, akampitisha nyumbani kwake, akambaka. Alieleza yote kwa sauti ya chini, bila chozi hata moja. Aliripoti baada ya siku 9, na alikiri kwamba hakupiga kelele. Mshtakiwa alisema usiku ule alikuwa upande wa pili wa mji, na mhudumu wa kituo cha mafuta akaja kuapa kwamba alimwona huko. Mhudumu huyo alijiamini sana, ingawa mwendesha mashtaka alionyesha kwamba mwanzoni aliwaambia polisi "huenda ni yeye". Tulipoingia chumbani wenzangu karibu wote walisema yule mama ni muongo, aliyebakwa kweli angelia. Na yule kijana wa mafuta ni wa kuaminika, hakubabaika hata kidogo. Tukamwachia mshtakiwa. Nilikuwa Mwafrika peke yangu mle ndani, nikasema mawili matatu nikanyamaza. Mpaka leo sina amani. Je, kuna elimu yoyote juu ya mambo haya, au kila mtu anakisia tu?

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Elimu ipo, wala si changa. Wanasaikolojia walianza kupima maneno ya mashahidi mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu miaka ya 1970 utafiti umekuwa mwingi kiasi kwamba majimbo kadhaa ya Marekani, Ohio ikiwemo, yamebadilisha sheria kwa sababu yake. Tatizo ni kwamba elimu hiyo mara nyingi haifiki kwenye chumba mlichofungiwa nyinyi. Watu 12 wanakusanywa kutoka makazini kwao, wanapewa maisha ya binadamu wawili mikononi, na kuhusu kumbukumbu wanabaki na yale waliyoyasikia nyumbani na kwenye filamu.

Niwaambie kwanza wasomaji wengine: kama umeshakula kiapo na kesi bado inaendelea, makala hii usiisome. Jaji amewaagiza muamue kwa yaliyosemwa mahakamani tu, na mwanajopo mmoja akiingiza ya nje kesi nzima inaweza kuvunjika. Yako, dada yangu, imekwisha, na umeficha majina ya watu. Hapo hapana ubaya.

Hukumu yenyewe siigusi. Jopo likibaki na shaka ya maana linatakiwa limwachie mtu, na kanuni hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Ninachoweza kukipima ni zile sababu mbili ulizozisikia: huyu halii, basi anadanganya; yule anajiamini, basi anakumbuka. Ukizitazama vizuri utaona ni sababu moja. Zote zinampima shahidi kwa anavyoonekana siku ya mahakama, na kati ya siku zote za kesi hiyo ndiyo siku inayotueleza machache zaidi. Anayetaka kujua kama shahidi anakumbuka atafute alisema nini siku ya kwanza, alimwambia nani, aliulizwaje, na tangu siku ile hadi leo amezungumza na akina nani.

Nianze na machozi, maana naona ndiyo yaliyokuumiza.

Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti zilizohusisha watu karibu 25,000, waliotakiwa kutambua nani anasema kweli na nani anadanganya kwa kumtazama na kumsikiliza tu. Walipatia kwa asilimia 54. Kubahatisha kungewapa 50. Kukwepesha macho, kujishikashika, kuongea kwa kusitasita: watu wa nchi nyingi huzitaja kuwa dalili za uongo, na karibu zote hazisaidii. Msema kweli mwenye hofu hubabaika, na muongo aliyejiandaa hukukazia macho. Ongeza hapo kwamba kwetu mtoto aliyelelewa vizuri hainui macho mbele ya mkubwa. Adabu hiyo hiyo mbele ya juri la Ohio inaweza kusomwa kuwa ni hatia.

Kuhusu chozi lenyewe kuna utafiti wa Norway ninaoupenda. Mwaka 2003 Geir Kaufmann na wenzake walimrekodi mwigizaji akitoa maelezo ya mwanamke aliyebakwa. Maelezo yale yale aliyatoa kwa namna 3: akilia kwa uchungu, akiwa hana hisia usoni, na akiwa mchangamfu kidogo. Watazamaji walimwamini zaidi alipolia, na namna alivyosema iliwavuta kuliko alichokisema. Baadaye Ellen Wessel na wenzake waliwaonyesha majaji wa Norway rekodi za aina hiyo, na majaji hawakuyumbishwa na hisia zile. Hilo linanipa matumaini makubwa. Maana yake kosa hili linazuilika, na aliyezoea kuwasikiliza mashahidi anaweza kuliepuka.

Hebu fikiria yule mama alikuwa ameisimulia habari yake mara ngapi kabla hajafika mbele yenu. Kuna polisi wa zamu, kuna mpelelezi, kuna mwendesha mashtaka, labda kuna muuguzi na ndugu yake wa karibu. Kila mara anaulizwa tena: mkono wake ulikuwa wapi, mlango ulifungwa na nani, ulisema nini. Wapo wanaolia kila mara. Wapo wengine ambao hujifunga, wakasema kwa sauti tambarare utadhani wanaeleza ya mtu mwingine, kwa sababu bila hivyo hawafiki mwisho wa sentensi. Ukimwona wa aina hiyo ukasema "hana uchungu", umeona ngao ukadhani ndiyo mwili.

Hakupiga kelele? Mwaka 2017 Anna Möller na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura ya waliobakwa jijini Stockholm. Asilimia 70 walieleza kwamba mwili uliganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio, na kwa asilimia 48 kuganda huko kulikuwa kwa kiwango cha juu kabisa. Sauti haitoki, mikono haiinuki, mtu yuko macho na anaona kila kitu. Mwanajopo anayeuliza "mbona hakupiga kelele" anadhani alikuwa na uwezo akaamua kuuacha.

Kuhusu zile siku 9 sitasema mengi. Aliyebakwa na mtu asiyemjua gizani huenda hana mengi ya kupoteza kwa kwenda polisi usiku ule ule. Aliyebakwa na mfanyakazi mwenzake anafikiria kazi, kodi ya nyumba, mume au wazazi, na kesho atakutana naye tena kwenye lifti ya ofisi. Kuchelewa ni jambo la kawaida kabisa katika kesi za namna hii. Hakuthibitishi kwamba anasema kweli, wala hakuthibitishi kwamba anadanganya.

Kwamba majuri huwa magumu hasa mbakaji akiwa mtu anayefahamika, hilo limepimwa tangu zamani. Miaka ya 1950 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwaomba majaji kote Marekani waeleze, kesi kwa kesi, juri limeamua nini na wao wenyewe wangeamua nini. Harry Kalven na Hans Zeisel walitoa matokeo mwaka 1966: kesi 3,576 za jinai, na katika karibu kesi 4 kwa kila 5 jaji na juri walikubaliana. Wengi hulitaja hilo kama sifa ya majuri, na ni sifa kweli. Lakini watafiti hao walizitenga kesi za ubakaji ambamo mshtakiwa ni mmoja, anajuana na mlalamikaji, na hapakuwa na ukatili wa ziada. Zilikuwa 42. Majaji wangemtia mshtakiwa hatiani kwa ubakaji katika kesi 22. Majuri yalifanya hivyo katika kesi 3. Palipokuwa na kipigo, au wabakaji zaidi ya mmoja, au mtu asiyejulikana, pengo lilipungua sana. Yaani kesi ya aina yenu ndiyo iliyowashinda watu hata wakati ule.

Kwa nini moyo unakwenda upande huo? Maelezo yanayonishawishi zaidi ni ya Melvin Lerner. Mwaka 1966 yeye na Carolyn Simmons waliwaonyesha wasichana wa chuo mwanamke aliyeonekana kupigwa shoti ya umeme kila anapokosea jibu. Kwa kweli alikuwa akiigiza. Walipopewa nafasi ya kumwondolea mateso, wengi walimwondolea. Lakini walioambiwa mateso yataendelea, na wao hawana la kufanya, walianza kumshusha yeye: si mtu wa kupendeza, si mtu wa maana. Ni vigumu kukaa ukimtazama asiye na kosa akiumia. Rahisi ni kumtafutia kosa. Ndiyo maana kwenye majopo unaweza kumkuta mwanamke akimsulubu mwanamke mwenzake kuliko wanaume wanavyofanya; akikubali kwamba lifti ya mfanyakazi mwenzake ilitosha kuleta balaa lile, itabidi akubali kwamba hata yeye hayuko salama.

Niwe mkweli kwamba wataalamu hawajakubaliana ni kwa kiasi gani imani hizi zinawatawala wanajopo wa leo. Cheryl Thomas wa London aliwauliza watu 771 waliotoka kutumikia kwenye majuri halisi ya Uingereza na Wales, akachapisha mwaka 2020 kwamba wengi wao hawaziamini hadithi hizo. Kwa upande mwingine, Louise Ellison na Vanessa Munro wamerekodi majopo ya majaribio yakijadili kesi za ubakaji, na hoja za kelele, majeraha, machozi na kuchelewa zikasikika waziwazi. Scotland nako, utafiti uliotoka mwaka 2019 uliunda majopo 64 ya majaribio yenye washiriki 969, na hoja za aina hiyo zikajitokeza. Mimi sioni mgongano mkubwa. Mtu anaweza kukataa kwenye karatasi kwamba "aliyebakwa lazima alie", kisha akaingia chumbani akasema "sisemi wote, lakini huyu angelia". Kinachomhukumu mlalamikaji ni hicho kinachosemwa chumbani.

Sasa tuje kwa kijana wa mafuta.

Julai 1984, huko Burlington, North Carolina, mwanafunzi wa chuo wa miaka 22 alivamiwa usiku nyumbani kwake akabakwa. Ni Jennifer Thompson, ambaye mwenyewe ameieleza habari hii hadharani kwa miaka mingi. Katikati ya mateso yale alijilazimisha kuisoma sura ya mtu yule ili akinusurika aitambue. Siku chache baadaye polisi walimpangia picha mezani. Alizitazama kwa dakika kadhaa, akaichagua ya Ronald Cotton. Kisha likafuata gwaride la utambulisho, watu 7 wamesimama mstari mmoja. Kati yao Cotton peke yake ndiye aliyekuwa pia kwenye zile picha. Hata hivyo Thompson alisita kati ya namba 4 na namba 5, halafu akasema 5. Akaambiwa kwamba ndiye yule yule aliyemchagua kwenye picha. Hapo kusita kukaisha. Januari 1985 alipotoa ushahidi hakuwa na chembe ya shaka, na Cotton akafungwa maisha.

Mwaka 1987 kesi iliposikilizwa upya, aliletwa mahakamani mfungwa mwingine, Bobby Poole, aliyekuwa akijigamba gerezani kwamba kazi ile ni yake. Thompson alimtazama akasema hajawahi kumwona maishani. Cotton akarudishwa ndani. Mwaka 1995 vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba mbakaji alikuwa Poole, na Cotton akatoka baada ya miaka 10 na nusu. Baadaye wawili hao walikutana, Thompson akaomba radhi, na wamezunguka pamoja wakiwasihi polisi na wabunge wabadilishe namna ya kuandaa utambulisho.

Tazama yaliyotokea hatua kwa hatua, maana hapa ndipo penye somo lote. Hakuna aliyedanganya. Thompson alikuwa shahidi mwenye bidii kuliko mashahidi wengi. Lakini alipoichagua picha ya Cotton, sura ya Cotton iliingia kichwani mwake. Alipomwona kwenye gwaride, hakuwa tena akimlinganisha na mtu wa usiku ule pekee, alimlinganisha na ile picha pia. Na alipothibitishiwa, uhakika ukapanda. Kufikia mwaka 1987 uso aliokuwa akiukumbuka ulikuwa wa Cotton, kiasi kwamba mbakaji halisi alisimama mbele yake na asimtambue.

Gary Wells na Amy Bradfield waliipima hatua hiyo ya mwisho katika jaribio la mwaka 1998. Watu walitazama mkanda wenye mhalifu, kisha wakaonyeshwa picha ambazo yeye hakuwemo, na wakachagua mtu. Wote, bila shaka, walikosea. Baadhi waliambiwa kwa neno moja kwamba wamemchagua mshukiwa. Walipoulizwa baadaye, waliosifiwa walisema tangu mwanzo walikuwa na uhakika, waliuona uso vizuri, na walikuwa makini. Sifa ile haikuwaongezea uhakika wa leo tu, iliwabadilishia hata kumbukumbu ya uhakika wao wa jana. Kwa hiyo wakili akimuuliza shahidi kizimbani "je, siku ile ulikuwa na hakika?", jibu la "ndiyo" linaweza kutoka kwa mtu mwaminifu kabisa na bado lisiwe kweli.

Je, ni kisa kimoja tu? Brandon Garrett, mwanasheria, alizichambua kesi za watu 250 wa kwanza waliosafishwa kwa vinasaba Marekani. Katika 190, shahidi wa macho alikuwa amemtaja mtu asiye na hatia. Alipopata na kusoma kumbukumbu za kesi 161 kati ya hizo, alikuta kwamba katika 92 mashahidi walieleza mahakamani kuwa mwanzoni hawakuwa na uhakika. Yaani habari ya "huenda ni yeye" ilikuwa wazi mbele ya wanajopo. Hawakuipa uzito, kwa sababu mbele yao palikuwa na mtu hai anayesema "ni huyu".

Ushawishi si lazima utoke polisi. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya magari kugongana, kisha wakawauliza kasi yake. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, magari "yalipobondana", walikadiria zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi laini, "yalipogusana", walikadiria chini ya 32. Katika jaribio lao la pili, wiki moja baadaye, 16 kati ya 50 waliosikia kile kitenzi kikali walisema waliona vioo vilivyovunjika. Hapakuwa na kioo kilichovunjika. Na Fiona Gabbert na wenzake, mwaka 2003, waliwaonyesha watu wawili wawili tukio moja lililorekodiwa kutoka pembe tofauti, wakawaacha wazungumze. Asilimia 71 ya waliozungumza walikuja kueleza angalau jambo moja ambalo wao wenyewe hawakuliona, walilisikia kwa mwenzao. Kwa sisi ambao tukio likitokea mtaani watu 30 wanakusanyika kusimuliana kabla polisi hawajafika, matokeo hayo yananitia wasiwasi sana.

Wapo watakaosema kwamba hofu ndiyo inayochonga kumbukumbu, kwamba sura ya aliyekutesa hutaisahau mpaka kaburini. Charles Morgan wa Yale na wenzake waliwachunguza askari zaidi ya 500 wa Marekani waliokuwa kwenye mafunzo ya kustahimili utekaji. Kila askari alihojiwa ana kwa ana, mara moja kwa vitisho vikali na mara moja kwa upole. Siku moja baadaye, kwenye gwaride la watu halisi, aliyewahoji kwa upole alitambuliwa na asilimia 62. Aliyewatisha alitambuliwa na asilimia 30. Hao ni askari wenye mafunzo, walikaa na mtu huyo zaidi ya nusu saa kwenye mwanga wa kutosha.

Nisikupotoshe ukadhani uhakika wa shahidi hauna thamani. Mwaka 2017 John Wixted na Gary Wells, waliokuwa wakipingana kwa muda mrefu, waliandika pamoja kwamba uhakika wa mara ya kwanza kabisa, ukichukuliwa kwa utaratibu safi, unaeleza mengi. Shahidi ambaye hapo hapo, bila kudokezwa na mtu, anasema "ni huyu, sina shaka", mara nyingi amepatia. Na anayesema "huenda" anatuambia jambo la kweli pia: kwamba kumbukumbu yake ni dhaifu. Ndiyo sababu Ohio ina sheria tangu mwaka 2010 inayotaka anayeendesha utambulisho wa polisi, inapowezekana, asijue mshukiwa ni nani, na maneno ya shahidi kuhusu uhakika wake yaandikwe pale pale. Polisi wasipoifuata, wanajopo wanaruhusiwa kulipima hilo katika kuupa uzito utambulisho wenyewe.

Basi ushahidi halisi wa mhudumu wenu ulikuwa "huenda ni yeye". "Naapa ni yeye" kulikuja baadaye, na kati ya kauli hizo mbili kulipita miezi ambayo nyinyi hamkuelezwa. Lakini kwa shahidi wa aina yake kuna swali kubwa zaidi, ambalo majopo hulisahau: usiku. Tuchukulie kweli alimwona mtu yule akiweka mafuta. Anajuaje ilikuwa, tuseme, Jumanne ile na si Alhamisi ya kabla yake? Mhudumu huona mamia ya wateja, na usiku ule kwake haukuwa na jambo la pekee. Mtu anaweza kuipatia sura na akaikosea siku, kwa nia njema kabisa. Risiti, kadi ya benki na kamera ya kituo ndivyo vinavyojua tarehe.

Nyumbani mambo haya yanagusa mahakama zetu kwa njia nyingine. Hatuna majuri ya aina ya Marekani. Tulikuwa na wazee wa baraza, raia waliokaa na jaji na kumpa maoni yao, Kenya ikawaondoa mwaka 2007, na Tanzania tangu 2022 haiwalazimishi tena katika kesi za Mahakama Kuu. Anayepima shahidi ni jaji au hakimu, na sheria ya utambuzi waliyojiwekea ni kali: Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, ilisema ushahidi wa kutambua kwa macho ni wa aina dhaifu kabisa, na mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Mwaka 2002 mahakama hiyo ikasema kwamba shahidi kumtaja mshukiwa mapema iwezekanavyo ni dhamana kubwa ya kuaminika kwake. Utafiti wote niliokueleza unaunga mkono kauli hiyo, pale shaka inapokuwa kama shahidi alimtambua mtu. Nahofia inapohamishwa nzima nzima kwenda kwa mwanamke aliyenyamaza kwa aibu au vitisho, maana yeye hana shaka mtu ni nani. Anachopigana nacho ni kusema.

Kwa waliobakwa mahakama zetu zimesogea mbele. Mahakama ya Rufaa ya Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliona ni ubaguzi kudai ushahidi wa kuunga mkono kwa sababu tu mlalamikaji ni mwanamke aliyebakwa, na ile ya Tanzania ikasema mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Lakini bado mahakama za rufaa kote Afrika Mashariki huheshimu sana maoni ya hakimu wa kwanza kwa sababu "alimwona shahidi". Kwa ninavyousoma utafiti, faida hiyo ya kuona ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, na maelezo ya kwanza ya polisi yaliyoandikwa vizuri ni bora kuliko kumwona shahidi mara 10.

Umesema ulinyamaza. Kalven na Zeisel walikuta kwamba katika takriban kesi 9 kati ya 10, upande wenye wengi kwenye kura ya kwanza ndio ulioshinda. Kwa hiyo usidhani sentensi yako moja zaidi ingegeuza chumba kizima. Kinachosaidia ni kuichelewesha kura hiyo. Reid Hastie na wenzake, mwaka 1983, walieleza kwamba majopo yanayoanza kwa kupiga kura hugawanyika kambi mbili na kuchagua ushahidi wa kutetea kambi, na yanayoanza kwa kuupitia ushahidi hujadili kwa kina zaidi. Na kukaa kwako mle ndani kulikuwa na uzito hata ukiwa kimya: Samuel Sommers, katika jaribio la Michigan lililochapishwa mwaka 2006, alikuta majopo yenye Weusi na Weupe pamoja yalijadili kwa muda mrefu zaidi na kukosea mambo machache zaidi ya kesi kuliko yale ya Weupe watupu, na Weupe wenyewe walikuwa makini zaidi walipokaa pamoja na Weusi.

Ukiitwa tena, mwambie msimamizi wa jopo mapema kabisa: tuahirishe kura, kwanza tuandike kila shahidi alisema nini mara ya kwanza. Na ulizia kama jaji anaruhusu maswali. Mahakama Kuu ya Ohio iliamua mwaka 2003 kwamba jaji akipenda anaweza kuwaruhusu wanajopo kuwauliza mashahidi maswali, kwa kuyaandika na kuyapitisha kwake. Wengi hawajui, na wengi wanaojua huona haya. Kwa mhudumu wenu wa mafuta ningeandika hivi: "Picha ya mshtakiwa uliiona lini kwa mara ya kwanza, ilikuwa peke yake au pamoja na za wengine, na aliyekuonyesha alikuambia nini ulipojibu?"